Eti dizeli inakula kidogo, basi?

Jamani hii ya "chukua pikapu ya dizeli, haili mafuta" imenichosha kwelikweli. Sawa, lita ya dizeli ina nishati zaidi kuliko ya petroli kama asilimia 10 hadi 15, hilo sibishi, na kwenye kuvuta tela dizeli ni mwisho. Ila mbona hamsemi kuinunua tu ni ghali zaidi, na siku nozeli (ile ya kupuliza mafuta kwenye injini) au pampu ya mafuta ikifa unatoa hela ambayo ingejaza tenki la petroli mara kibao!! Halafu mtu safari zake fupifupi, mzigo habebi, chujio la moshi linazibwa na masizi maana injini haipati joto la kutosha kuyaunguza. Niulizeni kwanza natembea kilomita ngapi kwa mwaka, ndo mnishauri.