Wakili akikosea, nani hulipa?

Tuliponunua nyumba hapa Uingereza, barua ya kwanza ya wakili haikugusa nyumba kabisa. Ilitaja bima yake ya kumfidia mteja akikosea, kiwango cha juu anachoweza kudaiwa, na mahali pa kulalamika nisiporidhika. Kwa ploti ya Kenya, wakili wa huko alinipa neno la simu tu: "Usijali, hiyo niachie." Na kazi aliifanya vizuri, simlaumu.

Ninayemlaumu ni mfumo. Hapa ofisi ya mawakili hairuhusiwi kufanya kazi bila bima ya angalau pauni milioni 2 kwa kila dai, au milioni 3 ikiwa imesajiliwa kama kampuni. Kenya kiwango cha chini ni shilingi milioni 1. Halafu Sheria ya Mawakili inaliruhusu jopo la nidhamu kumwamuru wakili amlipe mteja fidia ya hadi shilingi milioni 5. Hizo milioni nne zilizobaki zitoke wapi kama wakili mwenyewe hana kitu? Kumsimamisha kazi tunajua sana. Lakini aliyepoteza ploti anataka pesa zake, kusimamishwa kwa wakili hakumrudishii hata senti.

Wenzangu wa ughaibuni wataniambia huku mambo ni safi. Thubutu! Juni 2025 Mahakama Kuu jijini London ilimkaripia wakili aliyetegemea kesi 45 za awali, na 18 kati yake hazijawahi kuwepo duniani. Utafiti aliufanya mteja kwa akili mnemba, wakili akaupokea bila kuukagua. Mahakama ilimpeleka kwa wasimamizi wa taaluma yake.

Hapo ndipo naiogopea Kenya, kwa sababu sisi tulio mbali ndio tunaowatumia mawakili nyaraka kwa WhatsApp usiku wa manane, na juu yake "nimeshaangalia mtandaoni, sheria inasema hivi". Wakili aliyebanwa na kazi ataichukua hiyo kama ilivyo.

Jambo jingine: siku hizi sheria ya Kenya inawataka mawakili waripoti miamala inayotiliwa shaka. Wakili akikuuliza pesa za ploti umezitoa wapi, usinune. Huku tunaulizwa kila siku, mpaka taarifa za benki za miezi kadhaa. Nawe muulize yake: cheti cha bima kiko wapi, kinaisha lini, na kinafidia kiasi gani. Muulize kabla hujatuma amana.