Kodi ya C ipewe kidole cha pete

Mtu anayeshika ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, kwa mara ya kwanza, nikimwambia abonyeze uzi wa chini kabisa kwenye freti ya tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya vijiti vya chuma vya shingoni, hupeleka kidole cha shahada. Anapitisha gumba la mkono wa kulia kwenye nyuzi zote nne, kodi ya C, yaani noti zinazolia pamoja kama sauti moja, inalia, uso unamng'aa. Hapo ndipo ninapomwomba akitoe kidole hicho aweke cha pete. Wengi hununa. Ya nini kuhangaika, na sauti ni ile ile?

Sauti ni ile ile kweli. Nyuzi za ukulele hufungwa kwa noti za G, C, E na A, kuanzia uzi ulio karibu na kidevu. G, C na E ndizo noti zenyewe za kodi ya C, kwa hiyo hazihitaji kuguswa. Umebaki uzi wa A tu, nao freti tatu zinaupandisha hadi C. Kodi nzima kwa kidole kimoja! Kwenye gitaa kodi hiyo hiyo hula vidole vitatu.

Ila nyimbo hazikai kwenye C. Muda si mrefu utatakiwa kwenda kodi nyingine, G7, na huko kidole cha shahada kinashika uzi wa E freti ya kwanza, cha kati uzi wa C freti ya pili, cha pete uzi wa A freti ya pili. Umeona? Cha pete kilikuwa tayari pale kwenye A. Kinateleza kurudi nyuma freti moja bila kuuacha uzi, na wenzake wawili wanatua. Aliyezoea cha shahada inambidi anyanyue mkono wote na kuanza kutafuta upya, huku waimbaji wamekwisha kumpita. Nilianza hivyo mwenyewe, na kuivunja tabia ile kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza kodi zenyewe. Ndiyo maana nang'ang'ania jambo hili siku ya kwanza, kabla mkono haujazoea.

Wareno kutoka Madeira walifika Honolulu mwaka 1879 na gitaa zao ndogo, ukulele ikazaliwa humo. Jina lake la Kihawaii kwa kawaida huelezwa kuwa ni kiroboto arukaye, na wapo wanaosema ni kwa wepesi wa vidole vya wapigaji. Wepesi huo hauji kwa kurukaruka ovyo. Huja kidole kinapokuwa karibu na kinakokwenda.

Uzi ukikwaruza badala ya kulia vizuri, usikate tamaa. Bonyeza kwa ncha ya kidole, nyuma kidogo tu ya kile kijiti cha chuma, si juu yake wala mbali nacho. Kata kucha. Na kama nyuzi za nailoni ni mpya, zitalegea tena na tena siku za mwanzo, hivyo zisawazishe kila unapokaa kupiga. Inaniuma kuona watu wakiacha wakidhani hawana sikio, kumbe ni nyuzi.

Wiki hii piga C hesabu nne, G7 hesabu nne, polepole, bila kuimba. Usiangalie vidole vyote. Angalia cha pete tu, kisiachie uzi wa A.