Lori lina faili, mtembeaji hana

Serikali inalijua lori hadi kilo. Hupimwa kwenye mizani ya Athi River, ekseli (mhimili wa magurudumu) moja baada ya nyingine, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima. Mtu anayetoka mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, alfajiri kwenda kibarua eneo la Viwandani kwa miguu hana daftari la namna hiyo. Wengi husema hiyo ni dharau. Nadhani ni jambo gumu kuliko dharau, na ndiyo sababu kukemeana hakujalirekebisha.

Wahandisi wapewe haki yao kwanza. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara haupandi sawa na uzito. Hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ikibeba mara mbili, madhara ni mara 16. Ukiweka ekseli ya tani 10 kando ya ekseli ya gari dogo yenye nusu tani, tofauti inafika mara 160,000. Anayeamua unene wa lami ya Mombasa Road bila kuhesabu malori anatupa pesa za umma, na lami ikibonyea mapema sisi sisi ndio tutakaopiga kelele. Kuna na hoja ya mfuko: matengenezo hulipiwa na ushuru wa mafuta, shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024, na mlipaji anayeonekana ni mwenye gari. (Abiria wa matatu naye hulipa ndani ya nauli, ila hakuna anayempa risiti.)

Kasoro inaingia pale mfumo uliobuniwa kujibu swali la unene wa lami unapoachiwa pia kuamua barabara iwe pana kiasi gani, na ni ya nani. Karani wa kuhesabu magari anayeketi kando ya barabara na fomu yake huandika gari dogo, matatu, basi, lori. Ofisini, kila kimoja hugeuzwa kuwa kipimo cha gari dogo: basi huwa sawa na magari madogo mawili au matatu hivi, hata kama limebeba watu 50 na gari dogo lina dereva peke yake. Mtembeaji haharibu lami wala hajazi leni, kwa hiyo mara nyingi katika hesabu hiyo yeye ni sifuri.

Sifuri ya watu wangapi, basi? Uchunguzi wa kaya wa 2013, uliofanywa kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, kwa ajili ya mpango mkuu wa jiji, NIUPLAN, ulikuta kwamba takriban safari 4 kati ya 10 za Nairobi ni za miguu. Takwimu hiyo nairudia kila mara kwa sababu hata hivyo inapunja. Safari ya matatu huandikwa matatu, ijapokuwa abiria alikanyaga matope nusu saa hadi stejini na atatembea tena akishuka. Halafu ni ya zamani: ilichukuliwa kabla barabara ya Outer Ring haijapanuliwa, na karibu miaka tisa kabla magari hayajaanza kupita kwenye kilomita 27 za Nairobi Expressway. Malori tunayapima kila siku. Kuhusu miguu bado tunanukuu uchunguzi wa 2013.

Kuna rejista moja tu inayomwandika mtembeaji kwa uangalifu, nayo ni ya vifo. Barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na katika orodha za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, waenda kwa miguu ni zaidi ya thuluthi moja. Akiwa hai hana safu kwenye fomu. Akigongwa anapata tarehe, mahali na saa. Outer Ring ndivyo ilivyokwenda: lami ilipanuliwa, magari yakashika kasi, vivuko vya juu vikafuata nyuma.

Wanaotetea mfumo uliopo hujibu kwamba mtembeaji hahesabiki. Hana namba ya usajili, mvua ikinyesha anabadilisha njia, anavuka anapotaka, na ukimwekea kamera unagongana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Yote ni kweli, ingawa kuhesabu miguu hakuhitaji sura ya mtu. Na matatu nazo ziliwahi kuonekana vurugu isiyochoreka. Kuanzia 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia, walizipanda wakiwa na simu mkononi kurekodi njia. 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130, na mwaka uliofuata safari hizo zikaingia kwenye Google Maps.

Kaunti ya Nairobi yenyewe, katika sera yake ya 2015, iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Pesa hizo zianzie barabara gani? Bila idadi ya wanaopita kwa saa, afisa wa bajeti hana jibu la kutetea mbele ya yeyote. Karani tayari analipwa kuketi pale. Aongezewe safu ya watu, na kwenye barabara ya Lunga Lunga asisubiri saa 12 asubuhi, kwani vibarua wengi wa Viwandani huwa wameshapita. Aanze saa 11.