Nipe maji, naomba maji
Kuna mwandishi anayedai kwamba ukishaijua lugha ya watu, kuelewana nao kunakuja kwenyewe. Hapo sikubaliani naye. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, Kiswahili nimekisema tangu utotoni, lakini nilipohamia Tanga kikazi nilikaa miezi mitatu nikiwakwaza watu bila kujua. Naingia dukani nasema "nipe maji", kama tunavyosema kwetu, muuzaji ananihudumia kimya, uso kaukunja. Kule husemwa "naomba maji", tena baada ya salamu: habari za asubuhi, za nyumbani, na kama aliye mbele yako amekuzidi umri, shikamoo, usubiri marahaba ndipo useme shida yako. Kwangu mimi "naomba" lilikuwa neno la mtu aliyekwama. Hata "pole na kazi" ilinitatiza, maana nimezoea pole ya ugonjwa au msiba. Aliyenifungua macho ni mama mwenye nyumba, aliyeniita uani akaniambia, "Mwanangu, watu hapa wanadhani una hasira nao." Yaliniuma sana maneno yale, na hadi leo namshukuru. Nikaanza kusikiliza wenzangu wanavyoomba, wanavyokataa (mara nyingi "hapana" haitamkwi, utaambiwa "tutaangalia"), na hata wanavyonyamaza. Lugha ilikuwa ileile moja, ila matumizi yake nilijifunza upya kabisa. Wakenya mlioishi Tanzania, na Watanzania mlioko Nairobi au Mombasa, ninyi mlikwaana wapi, na nani aliwaambia?