Wanafunzi Waliofikiwa: Hesabu Inayoipotosha Elimu ya Wanyamapori

Mtu anayeandaa programu za elimu ya wanyamapori kwa wanafunzi, awe ameajiriwa na bustani ya wanyama, na mamlaka ya hifadhi au na shirika la uhifadhi, hukutana na safu ileile kila anapojaza ripoti: idadi ya wanafunzi waliofikiwa. Walifikiwa vipi, walibaki na nini, hakuna anayeuliza. Ukiandika 4,000, mfadhili anatabasamu. Ukiandika 80, jiandae kujieleza. Tunapenda sana kulalamikia bajeti, lakini kwa maoni yangu mvutano mkubwa wa kazi hii umo kwenye safu hiyo. Ufundishe wengi kwa saa moja, au wachache kwa mwaka mzima?

Niseme mapema kwamba niko upande wa wachache. Ila upande wa pili una hoja nzito kuliko tunavyokubali tukiwa peke yetu, kwa hiyo naanza nao.

Hoja yao kubwa ni haki. Programu ya mwaka mzima huangukia wapi? Huangukia shule yenye mkuu anayejibu barua, mwalimu aliye tayari kubaki baada ya kengele ya mwisho, na wazazi wanaoweza kuchangia nauli ya basi. Yaani huwafuata watoto ambao pengine tayari wana vitabu vya wanyama nyumbani na wameshapelekwa mbugani. Shule iliyo mbali, yenye madarasa yaliyofurika na ratiba iliyobanwa na mitihani, haiombi klabu ya wanyamapori wala haijazi fomu ya maombi. Kwa watoto wa shule hiyo, saa moja ya mgeni mwenye picha na fuvu mkononi ndiyo saa pekee watakayopata. Ukiwanyima kwa sababu eti ni fupi mno, umewanyima yote.

Tena saa hiyo haiendi bure. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika bustani ya wanyama ya London, kwa wanafunzi zaidi ya 2,800 wa miaka 7 hadi 15, ukilinganisha walivyokuwa kabla ya ziara na baada yake. Miongoni mwa waliozunguka bila mtaalamu wa elimu, asilimia 34 walionyesha kwamba kuna jambo wamejifunza. Waliokuwa na mtaalamu walifika asilimia 41. Kwa ziara moja, si haba.

Takwimu hizohizo lakini zinasomeka pia kwa jicho lingine. Hata pale mtaalamu alipokuwepo, zaidi ya nusu hawakuonyesha kusonga mbele, na wapo waliorudi nyuma. Tofauti aliyoileta yeye ni pointi 7. Mtetezi wa ziara moja atasema kwamba pointi 7 zikizidishwa kwa maelfu ya watoto ni watoto wengi, na hapo simbishii. Ninachouliza ni kitu gani kinaweza kufundishika ndani ya muda huo, na kitu gani hakiwezi hata ukijitahidi vipi.

Oktoba 1977, mkutano wa kimataifa ulioitishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNESCO la elimu na UNEP la mazingira, mjini Tbilisi, Georgia, uliyapanga malengo ya elimu ya mazingira katika makundi matano: ufahamu, maarifa, mitazamo, stadi na ushiriki. Mpaka leo programu nyingi zimejengwa juu ya makundi hayo, hata pale ambapo aliyeziandaa hajui yalitoka wapi. Ufahamu unaingia ndani ya saa moja. Maarifa nayo yanaingia, ukijipanga. Stadi haziingii. Kufuata nyayo, kuhesabu ndege kwa namna itakayofanana na hesabu ya mwenzako, kuandika ulichokiona bila kukichanganya na ulichodhani, hayo yanataka kurudiwa na kukosewa na kurudiwa tena. Ushiriki ndio usiseme. Na tangu 1990 watafiti wa fani hii wamekuwa wakionya kwamba ile ngazi tuliyoizoea, kwamba ukimpa mtoto maarifa atapenda na akipenda atatenda, haipandwi hivyo. Watu wengi wanajua vizuri sana na hawafanyi chochote. Wako hata maofisini kwetu.

Chukua kipindi cha mafuvu, ambacho karibu kila mmoja wetu anacho. Unaweka mezani mafuvu mawili, la swala na la fisi, bila kusema ni ya nani. Matundu ya macho ya swala yako pembeni. Ya fisi yanatazama mbele. Swala hana meno ya mbele juu kabisa, na chini kuna pengo kabla ya kufika kwenye magego. Fisi ana magego manene ya kuvunjia mifupa, na juu ya fuvu lake umesimama ukingo wa mfupa, mahali ambapo misuli ya taya inajishikiza. Swali lako ni moja: huyu alikula nini, na umejuaje? Kundi likiwa la watoto 12, atakuwepo wa kusema lile refu ni la mbwa, mwenzake atabisha, watayageuzageuza, watapitisha kidole kwenye ule ukingo wakijiuliza ni wa nini. Halafu mmoja atajishika panja na kuanza kutafuna hewa, aone kama na yeye ana kitu kinachocheza pale. Wenzake wataiga. Somo limeingia na wewe hujatoa jibu hata moja.

Sasa kipeleke kipindi hicho kwenye darasa la watoto 50, dakika 40. Fuvu moja likigawiwa sawasawa, kila mtoto anakaa nalo sekunde 48, tena kama wewe hukufungua mdomo kabisa. Kwa hiyo unafungua mdomo. Unalinyanyua fuvu juu, unaeleza macho, unaeleza meno, wanaitikia kwa pamoja, unashuka na jasho lako. Kazi ya kufikiri imehama kutoka kwao ikaja kwako. Kwenye ripoti, vipindi hivi viwili vinaandikwa kwa jina moja, na cha pili kinaonekana bora mara nne na ushee.

Idadi ikifika 500 uwanjani, fuvu halionekani tena kutoka nyuma, na ndiyo maana mnyama hai huletwa. Chatu mabegani mwa mtaalamu anaonekana hata na aliye safu ya mwisho. Sikatai kwamba kwa mtoto anayeogopa nyoka, kumwona mtu amemshika kwa utulivu kunaweza kupunguza woga kuliko picha kumi. Lakini mnyama huyo anachoka na makelele, reptilia hubeba bakteria wa salmonella na kwa hiyo kila mkono uliogusa lazima unawe kwa sabuni (jaribu hilo kwa watoto 500), na ujumbe wenyewe unaweza kwenda mrama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science ulionyesha kwamba watu hawakuwa wepesi kuamini kuwa sokwemtu wako hatarini kutoweka kama walivyoamini kuhusu sokwe wa jamii nyingine wakubwa, na sababu iliyotajwa sana ni kwamba wanawaona kila mara kwenye televisheni, matangazo na filamu. Kinachoonekana karibu na binadamu, kikitulia mikononi mwake, hudhaniwa kiko salama. Mtoto anayetoka uwanjani akitaka kufuga chatu ameelewa alichoonyeshwa. Sisi ndio tulioonyesha kitu kingine.

Kuna utafiti mwingine mfupi unaopendwa sana kunukuliwa kwenye semina zetu, nao wa Science, mwaka 2002. Watoto wa shule za msingi Uingereza walionyeshwa picha za viumbe wa nchini mwao na picha za viumbe wa Pokémon, mchezo wa kadi na katuni kutoka Japani. Wenye miaka 8 waliwatambua karibu asilimia 80 ya wale wa Pokémon. Wa porini, karibu nusu tu. Kwa kawaida hunukuliwa kwa masikitiko, kwamba watoto wa siku hizi wamepotea. Mimi nauona kama habari njema. Akili ya mtoto ina nafasi ya mamia ya viumbe, majina yao, makazi yao na nani anamshinda nani. Ila hakuna mtaalamu wa Pokémon aliyewatembelea shuleni mara moja akaondoka. Walijifunza kwa kucheza kila siku, kubadilishana kadi na kubishana na wenzao. Tukitaka wajue ndege wa kwao kwa kiwango hicho, lazima wakutane nao kwa wingi wa namna hiyo.

Hata hivyo sisi wa upande wa wachache nasi tuna mazoea yetu mabaya. Tunapenda kusema kwamba wahifadhi wakubwa walitengenezwa na utoto wa kukaa porini, na ushahidi upo: kuanzia kazi ya mtafiti Thomas Tanner ya mwaka 1980, watu wa uhifadhi wakiulizwa kilichowaingiza humo hutaja zaidi muda mwingi waliocheza nje wakiwa wadogo. Tatizo ni kwamba wanaoulizwa ni wale waliofika. Aliyekulia porini vilevile kisha akawa mhasibu asiyejali msitu hakuna aliyemtafuta. Vivyo hivyo na vikundi. Roots & Shoots, mpango wa vijana wa mtafiti wa sokwemtu Jane Goodall, ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 na leo iko katika nchi nyingi, na sisi huutaja mfano huo kila tunapotetea kundi dogo. Vikundi vya watu 12 vilivyokufa kabla ya mwaka kwisha havina historia ya kutajwa, na ni vingi.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni mdogo na wa kawaida. Nchini Ushelisheli, watafiti waliangalia klabu za wanyamapori za shule na nyumba wanazotoka wanafunzi wake, na mwaka 2013 wakachapisha walichokuta: wazazi ambao watoto wao walifundishwa kuhusu ardhioevu walijua zaidi kuihusu, na matumizi ya maji nyumbani yalikuwa bora. Mtu mzima ambaye hajawahi kukaa kwenye kipindi chochote alibadilika kwa sababu mtoto alikuwa na la kusema, na alilisema zaidi ya mara moja. Hapo ile hoja ya haki inaanza kupata jibu. Wachache wakifundishwa kwa kina, wanafika kwa watu ambao safu ya ripoti haiwahesabu.

Lakini ni jibu nusu. Bado linaacha swali la shule isiyoomba, na mtaalamu mmoja hawezi kuendesha klabu katika kila shule hata angekuwa na siku za kuazima. Njia inayobaki ni mwalimu wa darasa, naye ndiye tunayemsahau tukiandaa programu. Mara nyingi mgeni akiingia, mwalimu huchukua daftari za kusahihisha na kukaa nyuma, na sisi hufurahi kwamba hatuingilii. Programu iliyoandikwa kwa ajili yake ingekuwa tofauti: imefungwa kwenye mada iliyomo tayari kwenye mtaala wake, inakaa ndani ya kipindi chake kimoja, haihitaji basi wala projekta, na inamwacha akiweza kujibu swali la tatu la mtoto, lile lisilo kwenye mwongozo.

Wapinzani wa njia hii wana lao: mwalimu ana mzigo tayari, anahamishwa, na somo likipita mikono miwili linapungua ladha. Yote ni kweli. Ndiyo maana wafundishwe wawili kwa kila shule, na kipindi cha kwanza waendeshe wao huku mtaalamu amekaa nyuma na daftari. Na sanduku la mafuvu libaki shuleni. Tumezoea kulibeba kurudi ofisini, kwa kuogopa litaharibika, kisha tunashangaa kwa nini somo halikuendelea. Kwa kuwa mifupa halisi ya wanyamapori inahitaji kibali katika nchi nyingi, ziwe nakala za plastiki ngumu. Meno yatang'oka, na fuvu moja au mawili yatapotea kila mwaka. Hasara hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kama tunavyoweka mafuta ya gari.