Red Sox kuchelewa miaka 12 kumchezesha Mweusi: lawama zote ni za Tom Yawkey?

Aprili 2018 jiji la Boston lilikubali ombi la timu ya besiboli ya Red Sox la kuliondoa jina la Yawkey kwenye mtaa unaopita kando ya uwanja wake, Fenway Park. Mtaa ukarudia jina lake la zamani, Jersey Street. Tom Yawkey aliinunua Red Sox mwaka 1933, akaimiliki hadi alipofariki 1976, na mwaka uliofuata mtaa ukapewa jina lake kwa heshima. Waliotaka jina liondoke walisema huyu ndiye aliyewafungia Weusi mlango. Waliopinga, wakiongozwa na wakfu wa familia yake, walisema anahukumiwa bila ushahidi, tena mtu ambaye fedha zake zimetibu wagonjwa wengi wa saratani.

Kwa asiyefuatilia besiboli, mambo yalikuwa hivi. Kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya Aprili 1947, ligi kuu za Marekani hazikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa. Wamiliki walielewana tu, na Weusi wakabaki kucheza kwenye ligi zao wenyewe. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Timu zilikuwa 16, na moja baada ya nyingine zikaanza kusajili Weusi. Red Sox ikawa ya mwisho kabisa, Julai 1959, ilipompanga Pumpsie Green. Kufikia siku hiyo Robinson mwenyewe alikuwa ameshastaafu.

Kinachouma ni kwamba Robinson alifika Boston kwanza. Tarehe 16 Aprili 1945, yeye na wenzake wawili, Sam Jethroe na Marvin Williams, walifanya majaribio hapohapo Fenway Park. Red Sox haikuwaita kwa kutafuta vipaji. Sheria za Boston ziliitaka timu ipate kibali cha diwani kila mwaka ili icheze Jumapili, na diwani Isadore Muchnick alitishia kukikwamisha kama Weusi hawatapewa nafasi. Mwandishi Wendell Smith wa gazeti la Pittsburgh Courier ndiye aliyewaleta wachezaji. Hugh Duffy, kocha mzee wa karibu miaka 80, aliwasimamia. Wakapiga, wakadaka, wakakimbia, wakajaza fomu, wakaambiwa watapigiwa simu. Simu haikupigwa. Robinson akawa mchezaji bora chipukizi wa 1947. Jethroe akaja kuchukua tuzo hiyohiyo upande wa National, mojawapo ya ligi kuu mbili, mwaka 1950, akiwa na Boston Braves, timu nyingine ya mji uleule! Williams hakuwahi kufika ligi kuu.

Kisha akaja Willie Mays. Red Sox ilikuwa na timu ndogo, ya kukuzia wachezaji, Birmingham, Alabama, iliyotumia uwanja mmoja na Black Barons, timu ya Weusi aliyochezea Mays akiwa kijana. Wasaka vipaji wa Boston walimwona na ripoti nzuri ikatumwa, lakini usajili haukufanyika. Mays akaenda timu ya Giants mwaka 1950, na alipostaafu alikuwa na homurani 660, yaani mapigo yanayompa mpigaji mzunguko mzima.

Sasa tumsikilize anayemtetea Yawkey, maana hoja zake si za kupuuzwa. Hakuna karatasi yenye sahihi yake inayosema Weusi wasisajiliwe. Shughuli za timu aliwaachia watu wake. Red Sox ilimsajili Piper Davis mwaka 1950 na mrushaji Earl Wilson mwaka 1953, kwa hiyo si kweli kwamba hawakujaribu kabisa. Wengine nao walichelewa: Yankees ilisubiri hadi 1955, Phillies hadi 1957, Tigers ya Detroit hadi 1958. Tofauti ya Boston na Detroit ni mwaka mmoja tu, lakini ni nani anayewasema wamiliki wa Tigers?

Hoja hiyo ya mwisho naikubali. Zilizobaki, nikizipima, zinaangukia upande wa pili. Davis alitemwa muda mfupi baada ya kusajiliwa, ingawa alikuwa akipiga vizuri, na sababu aliyopewa ilikuwa ya kifedha, katika timu ya mmoja wa matajiri wanaojulikana kwa kumwaga pesa. Kuhusu ushahidi wa maandishi, mwaka 1946 kamati ya viongozi wa ligi, Yawkey akiwemo, iliandaa ripoti iliyoonya kwamba mashabiki Weusi wakiongezeka viwanjani thamani ya timu inaweza kushuka. Ripoti hiyo ilitaja pia kodi ambayo baadhi ya timu zilikuwa zikipata kwa kukodisha viwanja kwa ligi za Weusi. Si amri, lakini inaonyesha mezani walikuwa wanahesabu nini.

Na hao watu wake aliowaachia kazi? Joe Cronin alikuwa kocha mkuu wakati wa majaribio ya 1945. Akapandishwa kuwa meneja mkuu, na Mays akapita mikononi mwake. Pinky Higgins alikuwa kocha mkuu masika ya 1959, wakati Green alipofanya mazoezi Arizona na kulala mbali na wenzake, kisha akarudishwa timu ndogo ya Minneapolis kabla ya ligi kuanza. NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, ilipiga kelele, na tume ya jimbo la Massachusetts inayoshughulikia ubaguzi ikafungua uchunguzi. Higgins akafukuzwa mwanzoni mwa Julai. Tarehe 21 mwezi huohuo, chini ya kocha mpya, Green akaingia uwanjani Chicago. Mwaka uliofuata Yawkey akamrudisha Higgins, na baadaye akamfanya meneja mkuu. Mimi sihitaji kuufungua moyo wa Yawkey. Mwajiri anayewapandisha vyeo watu wa namna hiyo kwa miaka 20 ameshasema anachokitaka.

Wapo wanaosema Boston yenyewe ndiyo ilikuwa mji wa kibaguzi, timu ilifuata tu upepo. Mji ulikuwa na ubaguzi, ndiyo. Lakini Celtics ya Boston ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumchagua Mweusi, Chuck Cooper, kwenye drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya) ya ligi ya mpira wa kikapu ya NBA, mwaka 1950. Hata Bruins, timu ya magongo ya barafuni, ilimchezesha Willie O'Ree Januari 1958, mwaka mmoja na nusu kabla ya Green. Mashabiki ni walewale na magazeti ni yaleyale.

Ninapotofautiana na waliomwondoa ni pale wanapozungumza kana kwamba tatizo lilizikwa naye. Mwaka 1985, miaka tisa baada ya kifo chake, Tommy Harper, mchezaji wa zamani aliyekuwa akifanya kazi Red Sox, aliliambia gazeti kwamba klabu moja ya starehe huko Winter Haven, Florida, ilikuwa ikiwaalika watu wa timu walio Wazungu tu, na timu ikaacha iendelee. Akafukuzwa kazi. Mwaka 1986 tume ya shirikisho inayosimamia haki za ajira ikampa haki. Maamuzi hayo yalikuwa na wenyewe, na majina yao hayako kwenye kibao chochote cha kung'olewa.

Kuhusu mtaa, nadhani jiji lilifanya sawa. Mweusi anayekwenda Fenway Park na mtoto wake hakustahili kupita chini ya jina la mtu ambaye uwanja huohuo, zama zake, ulimkataa Robinson. Jengo la tiba ya saratani lenye jina la Yawkey katika hospitali ya Dana-Farber, Boston, ni jambo jingine. Pale fedha za Yawkey zinawatibu watu bila kuuliza rangi, na jina lake likibaki mlangoni sioni aliyedhulumiwa.