Mhakiki Alipokabidhiwa Mwiko

Papai bichi nililiandikia makala kabla sijawahi kulisaga. Mengine yote yaliyotokea kwenye harusi ya binamu yangu yametoka hapo.

Mimi ni mhakiki wa mikahawa hapa Mombasa. Gazeti hunipa maneno mia nane kila wiki mbili niseme nimekula wapi, nimelipa ngapi, na kama ningerudi kwa pesa zangu. Watu wakisikia hivyo hunitazama tumbo, kisha huniuliza kama gazeti linatafuta mtu mwingine. Kumbe kazi ina taratibu zake. Huweki meza kwa jina lako. Hupokei cha bure, hata soda, hata ile haluwa ya "karibu tena". Huendi mara moja ukahukumu, kwa sababu siku mbaya humpata kila mpishi. Unakwenda mara tatu: mchana wa siku ya kazi, jioni, na Ijumaa baada ya swala, wakati jiko limeelemewa na kila mtu anapiga kelele. Unachukua watu watatu wanne, kila mmoja anaagiza chake, na kijiko chako kinazunguka sahani zote. Hugusi chumvi kabla ya kuonja.

Saa nayo unaiangalia, tangu agizo hadi sahani. Biriani ikifika kwa dakika tatu si kosa, imeiva tangu asubuhi. Lakini samaki wa kuchoma akifika kwa dakika tatu, jua alichomewa mtu mwingine. Risiti hutupi, maana ina saa, bei na majina ya vyakula, na mwenye mkahawa akikuruka baadaye ndiyo shahidi wako. Maoni unayaandika kwenye simu papo hapo, umekunja uso kama mume anayegombana na mkewe kwa meseji. Na choo lazima ukione.

Haya hatukuyazua sisi. Craig Claiborne, aliyeshika ukurasa wa chakula wa New York Times mwaka 1957, ndiye aliyeyafanya kuwa desturi: kwenda zaidi ya mara moja, kimyakimya, gazeti likilipa. Ndugu wa Michelin walitangulia, lakini wao walikuwa wauza matairi. Mwaka 1900 walitoa kitabu cha mwongozo ili Wafaransa waendeshe magari mbali na matairi yaishe, na nyota za mikahawa zikafuata mwaka 1926. Hapa kwetu matairi huisha bila msaada wa mkahawa wowote. Halafu kuna Ruth Reichl, aliyeingia New York Times mwaka 1993 akakuta picha yake imeshabandikwa majikoni. Akavaa mawigi. Akaandika makala moja yenye nusu mbili: alivyopuuzwa akiwa mtu wa kawaida, na alivyotandikiwa zulia alipotambuliwa.

Nami nikajaribu. Nilivaa kanzu ya marehemu babu, kofia iliyoniteremkia masikioni na miwani ya jua, nikachechemea mpaka kwenye mkahawa mmoja wa Mji wa Kale. Mhudumu akaniwekea maji ya kunawa na kuniuliza, "Goti la bibi limepoa? Naona nawe limekushika." Tangu siku hiyo naenda na sura yangu.

Sasa, mkahawa wenyewe ulikuwa na biriani ya mbuzi. Nilikwenda mara tatu kama sheria inavyotaka, na mara mbili kati ya hizo nyama ilikuwa ngumu. Nikaandika kwamba mbuzi yule hakupikwa, alibembelezwa akakataa. Sentensi hiyo niliipenda mno, nikaisoma kwa sauti peke yangu chumbani. Na kwa kuwa nilikuwa nimebakiwa na maneno thelathini, nikaongeza ushauri: kijiko kimoja kikubwa cha papai bichi lililosagwa kwa kila kilo ya nyama, saa moja, tatizo limekwisha.

Shangazi yangu hasomi gazeti ila siku nilipoandika mimi. Akanipigia simu.

"Mwanangu, nimeisoma. Umewapasha."

"Ahsante, Shangazi."

"Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Mpishi wa harusi ametaja bei, moyo ukanidunda. Weye wajua, na weye ni bure."

Nikatafuta udhuru. Shangazi alikuwa ameshakata simu.

Hesabu ya karamu niliijua vizuri sana, kwa karatasi. Kilo moja ya mchele wa biriani hulisha watu wanane hivi. Tulitarajia watu mia na ishirini, kwa hiyo kilo kumi na tano za mchele na kilo kumi na tano za mbuzi, nyama na mifupa yake. Vitunguu kilo kumi na mbili, na asiyekata vitunguu kilo kumi na mbili hajalia bado. Vinakaangwa kwa mafungu madogo. Ukivijaza sufuria hutoa maji vikachemka badala ya kukauka, na unavitoa mafutani vikiwa bado na rangi ya dhahabu, kwa sababu huendelea kukoza rangi vikishatolewa. Viazi kilo kumi, vya kukaanga. Nyanya, mtindi lita tano, thomu na tangawizi robo tatu ya kilo kila kimoja, samli, zafarani, iliki, mdalasini, pilipili mbichi za kutosha kumfanya bwana harusi alie mapema. Biriani ya pwani haina papara: masala hupikwa peke yake, wali peke yake, vikutane kwenye sinia. Hilo lilinipa moyo. Nikiharibu kimoja, nilijiambia, kingine kitasimama.

Masufuria tulikodi. Kijana wa Shangazi ndiye aliyeyafuata. Kwa nani, sikuuliza.

Usiku wa kuamkia harusi, saa tatu, nikaketi uani na beseni la nyama mbele yangu na mapapai manne mabichi, yale ya kijani kibichi ambayo ukiyachanja hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo ndio wenye kazi. Una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukatakata protini ya nyama, na papai likiiva nguvu hiyo hupungua sana. Ndiyo maana husagwa bichi, pamoja na ganda. Vijiko kumi na tano kwa kilo kumi na tano. Nikapima, nikamimina, nikatazama.

Jamani, vijiko kumi na tano ni kidogo! Havijai hata kikombe kimoja. Ukivimwaga kwenye kilo kumi na tano za nyama vinapotea kama tone la mvua Bahari ya Hindi. Nyama ilinitazama kavu, na wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakanitazama nami. Hakuna aliyesema neno. Nikaongeza kikombe. Ikaonekana afadhali. Nikaongeza kingine, halafu mapapai yaliyobaki nikaona ni haramu kuyatupa.

Saa moja, ndivyo nilivyoandika gazetini. Nikaegemea ukuta, mkeka chini, nisubiri saa nne. Shangazi akapita na kunifunika leso. "Pumzika kidogo, mwanangu, nitakuamsha."

Aliyeniamsha ni muadhini wa Alfajiri.

Saa nane zilikuwa zimepita. Uani kwenye joto la Mombasa, si kwenye friji, maana hakuna friji mtaani linalomeza beseni lile. Nikaruka, nikatia mkono. Na hapa nitakiri jambo la aibu: nilifurahi. Nyama ilikuwa laini kama maini. Nikaichukua picha. Nikaanza kutunga kichwani makala ya pili.

Kinachotokea, kwa faida ya wengine, ni hiki. Papaini haijui kusimama. Kwanza hulegeza nje ya kipande, halafu inaendelea, na ukianza kuipa nyama joto la pole inafanya kazi kwa kasi zaidi kuliko usiku kucha, mpaka moto ukolee ndipo inapokufa. Mimi niliinjika sufuria juu ya mafiga kwa moto mdogo, kama wataalamu wanavyoshauri. Nikaweka vitunguu, thomu, nyanya, mtindi. Nikakoroga mara ya kwanza, vipande vikasogea. Nikakoroga mara ya pili, mwiko ukapita katikati ya kipande cha paja bila kugonga kitu. Nikaupeleka upande wa pili. Ukapita tena. Nikauinua, na juu yake palikuwa na mfupa mmoja, mkavu, mweupe, safi kama umeoshwa na kuanikwa.

Kufikia saa mbili asubuhi mle ndani hamkuwa na mbuzi. Kulikuwa na habari zake tu. Uji mzito wa rangi ya matofali, nyuzi hamna, ukiutia mdomoni ni unga-unga, na nyuma yake kauchungu kembamba ka utomvu. Mifupa nikaiopoa kwa upawa, ndoo nzima.

Nilijaribu kila kitu ninachowaandikia wengine. Nilichota kidogo nikakaanga kwa samli, labda kitashikana, nikapata vitumbua vya nyama vilivyoungua chini na kuwa tope juu. Protini ikishakatwa hairudi. Nikaongeza mtindi kuficha uchungu, masala yakazidi wepesi. Nikaongeza sukari kijiko kimoja, jambo ambalo nimewahi kumwandikia mpishi mmoja kuwa ni jinai. Kilichosaidia kidogo ni viazi. Nikavitia vyote, pamoja na mayai ya kuchemsha sitini aliyoyatoa jirani, ili mtu akitafuna akutane na kitu.

Wali, alhamdulillah, ulitoka. Labda kwa kuwa sikuwa na muda wa kuuhangaikia. Niliuroweka nusu saa, nikauchemsha kwenye maji mengi yenye chumvi, na nilipofinya punje moja nikaona kiini cheupe bado kimo, nikauchuja. Nikaurudisha sufuriani, samli na zafarani juu, mfuniko, na makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Ukatoka punje mojamoja, inanukia mpaka barabarani. Harufu ile ilizidisha matatizo yangu, kwa sababu iliwapa wageni matumaini.

Shangazi akaja kuonja. Akatia kidole, akanyamaza. Akatia tena.

"Hili n'nini?"

"Biriani, Shangazi."

"Mbuzi yuko wapi?"

Nikamwonyesha ndoo ya mifupa. Akaitazama kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Halafu, na hapa ndipo nilipojua mke wa mjini ni nani, akajifunga leso kiunoni akatoka nje na kutangaza kwamba mwanawe amewapikia biriani ya kima, mtindo wa kisasa, ndio unaopendwa Dubai.

Nikaenda kujificha upande wa wanaume, nyuma ya nguzo. Mhakiki hasikilizi watu wanasema nini wakiwa wanakula, maana wageni wana adabu. Anatazama kinachorudi jikoni. Basi nikatazama masinia yakirudi. Wali umekwisha. Viazi vimekwisha. Mayai hayana hata alama. Masala yamesukumwa pembeni kwa ustadi, mduara mzuri, kama mtu aliyefagia uwanja na kuacha taka kwenye kona. Sinia moja tu kati ya zote lilirudi jeupe kabisa. Nikauliza ni la nani. La mzee mmoja mjomba wa bwana harusi. Nikamwendea kumshukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akacheka kwa furaha ya kweli, na mdomoni hamkuwa na jino hata moja.

"Mwanangu," akasema, "mbuzi kama huyu sijamla tangu mwaka meno yalipotoka."

Saa tisa alasiri mwenye masufuria akaja kuyachukua na mkokoteni wake. Nikatoka kumlaki, nikamkuta mpishi wa ule mkahawa. Kumbe siku za harusi hukodisha vyombo vyake. Alinitambua kabla sijageuza uso.

"Mhakiki! Kumbe pishi ni lako?"

Nilitamani ile kanzu ya babu. Yeye akafunua sufuria la masala, akainamia, akanusa kwa muda. Akachukua kijiko mfukoni. Mpishi anayetembea na kijiko mfukoni ni wa kuogopwa. Akakwangua pale chini, akaonja, akafumba macho.

"Papai," akasema.

"Papai," nikakubali.

"Limelala?"

"Limelala."

Akatikisa kichwa polepole, bila ubaya. Akaniambia kwamba kwenye pishi la kukodiwa yeye hathubutu papai, kwa sababu huwezi kulizuia. Anatumia mtindi, chumvi mapema, na moto wa chini saa mbili. Zile siku zangu mbili muuza nyama alikuwa amemletea beberu mzee na wateja wamejaa, akaukazia moto ili wasingoje. "Ulikuwa na haki," akasema. "Alikataa kweli."

Tukapakia masufuria pamoja. Alipomaliza kufunga kamba, akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya shilingi mia moja, akailaza juu ya mfuniko wa sufuria lililobaki na kuiwekea kijiko juu isipeperuke.

"Za nini hizi?" nikamuuliza.

"Nimekula, nalipa mwenyewe. Cha bure sipokei," akasema, akaushika mkokoteni. "Siandiki kitu kwanza. Nimebakisha mara mbili."